Kutoka Dubai mpaka Guangzhou, tuhesabu saa vizuri



Juma hili hatutaongea juu ya sabuni wala juu ya mukopo. Tutaongea juu ya njia moja ya ndege. Iko mbali sana na sisi, lakini inalisha nyumba mingi za Lubumbashi: njia ya kutoka Dubai mpaka Guangzhou, mu China. Kati ya ba mama wa ushirika wetu kuna wenye wameshaipita mara mbili, mara tatu, na mumoja ameipita mara saba. Wanaenda kutafuta viatu vya watoto, meshi, mikoba, vyombo vya jikoni na nguo zenye munaona ku soko ya Kenya na ku soko Mzee Kabila. Wao wanaijua njia hiyo kwa miguu yenye kuvimba. Wenye wanabaki nyumbani hawaijui, na ni wao ndio wanapata shida ya kwanza wakati hesabu ya saa inapotea.

Tuanze na neno lenye tunasikia kila mara. Mama akishafika Dubai, watu wa nyumbani wanasema: "Ameshafika Asia, sasa iko karibu." Kama vile Asia ni soko moja yenye milango mbili, Dubai mulango wa mbele na Guangzhou mulango wa nyuma, na mutu anapita katikati ya meza za wauzaji mpaka anatokea upande ule.

Mumoja wetu ni mwalimu. Katika mukutano wa mwezi jana alileta ule mupira wa dunia wenye wanatumia mu kalasi, na mwingine akatoa uzi wa kushonea. Tukaweka kichwa cha uzi juu ya Lubumbashi, tukauvuta mpaka Addis Ababa, kisha mpaka Dubai, tukakata. Tukachukua uzi wa pili, tukauvuta kutoka Dubai mpaka Guangzhou, tukakata tena. Kisha tukaweka nyuzi zote mbili pamoja juu ya meza. Uzi wa pili ulizidi ule wa kwanza kwa upana wa kidole. Ba mama wengine walicheka, wengine wakasema mwalimu amevuta vibaya, arudie. Alirudia. Kidole kilibaki pale pale.

Kwa hesabu ya kilomita ni hivi. Kutoka Lubumbashi mpaka Addis Ababa, kwa mustari wa ndege, ni karibu kilomita 2,600. Kutoka Addis Ababa mpaka Dubai ni karibu 2,500. Pamoja ni kama 5,100. Kutoka Dubai mpaka Guangzhou, peke yake, ni karibu kilomita 5,800. Ni kusema mama mwenye ametoka Luano, akalala njiani, akashuka Dubai na valizi yake, bado hajafika katikati ya safari ya China. Kwa wenye hawapendi hesabu kubwa: kutoka hapa mpaka Kinshasa kwa ndege ni kama kilomita 1,550. Dubai na Guangzhou ni karibu mara ine ya hiyo.

Na chini ya ndege si soko. Ndege inatoka Dubai, inavuka bahari ya Oman, inaenda juu ya nchi ya Pakistan ao India, inapita kusini ya ile milima mirefu ya Himalaya, inafika Bangladesh, kisha Myanmar, ndipo inaingia China upande wa kusini na magharibi, na bado inatembea tena mpaka inateremuka Guangzhou, karibu na bahari, si mbali na Hong Kong. Mwenzetu mwenye amepita mara saba anasema siku moja, hewa ikiwa safi, aliona theluji upande wa kushoto kwa muda mrefu sana. Alifikiri ni mawingu. Jirani yake wa kiti, mwanaume wa Nepal, alimuonyesha kwa kidole na kumuambia kwamba ni kwao.

Saa ngapi angani? Kwenda ni karibu saa saba, wakati mwingine zaidi kidogo. Kurudi ni saa nane, ao nane na nusu. Watu wanauliza: njia ni moja, kwa nini kurudi kunachukua muda mrefu? Ni juu ya upepo. Kule juu sana, fasi ndege kubwa zinapita, kilomita kumi na zaidi, kuna upepo wa nguvu wenye unatoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikienda China, upepo unaisukuma mugongoni. Ikirudi Dubai, inapigana nao. Mwenye amekwisha kusukuma baisikeli yenye magunia ya makala kutoka Kipushi anaelewa bila mwalimu.

Sasa tufike ku jambo la saa za ukutani, kwa sababu ni hapo ndipo mambo yanaharibika.

Jua linatoka kwanza mashariki. Dunia ikizunguka, inachukua saa moja kupita digri 15. Dubai iko ku digri 55 za mashariki, Guangzhou iko ku digri 113. Tofauti ni digri 58, na ukigawanya kwa 15 unapata karibu ine. Kwa hiyo, wakati Dubai ni muchana kamili, Guangzhou wameshafika saa kumi ya jioni. Sisi mu Lubumbashi tuko nyuma ya Dubai kwa saa mbili, na nyuma ya Guangzhou kwa saa sita. Wandugu zetu wa Kinshasa wako nyuma yetu kwa saa moja, basi kwao ni saa tatu na Dubai, saba na Guangzhou. Congo yetu iko na saa mbili tofauti, ya mashariki na ya magharibi. China, yenye ni kubwa mara ine kuliko Congo, iko na saa moja tu kwa nchi nzima. Usimuulize muchina wa Guangzhou "saa ya upande gani", hatakuelewa.

Ongezea juu ya hiyo saa zetu za Kiswahili. Bileti ya ndege haijui Kiswahili. Ikiandika 10:00, ni saa ine ya asubuhi. Ikiandika 22:00, ni saa ine ya usiku. Ikiandika 00:15, ni saa sita na robo ya usiku, na tarehe imeshabadilika: mutu mwenye bileti ya tarehe 14 saa 00:15 anapaswa kuwa ku uwanja wa ndege tarehe 13 jioni. Tunajua mama mumoja, si wa ushirika wetu, mwenye alifika siku nzima nyuma, amevaa vizuri, na familia yote imekuja kumusindikiza. Bileti mupya alinunua kwa pesa ya bidhaa.

Wengine watasema: hizo ni hesabu za watu wenye wanasafiri, sisi wa nyumbani zinatuhusu nini? Tutawapa habari yenye ilifika kwa mwenzetu wa Katuba. Yeye mwenyewe ametupa ruhusa ya kuiandika bila jina.

Huyu mama ni wa watoto watano. Alikaa Dubai siku tatu, mutaa wa Deira, akanunua kidogo, kisha akachukua ndege ya Guangzhou siku ya Posho. Ndege iliondoka Dubai saa ine ya asubuhi, saa ya kule. Kwetu ilikuwa saa mbili. Kabla ya kuingia alimutumia bwana yake mesaji: naingia mu ndege, mutoto anywe dawa. Mutoto wake wa ine alikuwa na homa tangu Ijumaa.

Saa tatu homa ilipanda. Bwana alipiga simu, haikuingia. Alipiga tena, haikuingia. Alibeba mutoto ku kituo cha afya, wakamupima damu, ikawa malaria, na hali yake haikuwa nzuri. Wakamuwekea maji ya mushipa, wakamuandikia dawa ya kununua. Baba huyo ni mutu mupole, lakini mara hiyo alianza kukasirika. Mu Dubai muke wake alijibu kila simu. Leo, siku mutoto anahitaji mama, telefone imefungwa. Shemeji yake alikuwa amemuambia kwamba kutoka Dubai mpaka China ni saa mbili ao tatu, "ni Asia ile ile". Kwa hesabu ya shemeji, saa tano ya asubuhi mama alikuwa ameshafika. Saa sita, hakuna simu. Saa saba, hakuna.

Saa saba na dakika kidogo, telefone ya baba ikalia. Namba ya kigeni. Sauti ya mwanaume, anasema Kiswahili na Kifaransa, anasema yeye ni mu-Congo mwenye anaishi Guangzhou, na muke wako amekamatwa ku uwanja wa ndege hapa, karatasi yake ya chanjo iko na shida, polisi wanamushikilia, ni saa ine sasa anakaa chini, analia. Inaomba dola 400 kwa saa moja, kwa telefone, ku namba ya ndugu yake mwenye iko Lubumbashi, ndipo wamuachilie. Kama sivyo watamurudisha na ndege ya kesho na bidhaa zitapotea. Alitaja jina la mama. Alitaja hata jina la mutoto wa kwanza.

Nyumba ikawa matanga. Bibi akaanza kulia. Baba alikuwa na dola 300, pesa ya masomo ya watoto yenye mama aliacha mu sanduku, na ni hiyo ndiyo ilipaswa pia kulipa kituo cha afya. Shemeji akasema ataongeza 100. Baba akavaa viatu.

Binti wa kwanza, wa miaka kumi na sita, ndiye alikimbia mpaka kwa mwandishi wa ushirika wetu, mwenye anauza unga pale karibu. Hakuja kuomba pesa. Alikuja kuuliza kama tuko na mutu mu Guangzhou mwenye anaweza kwenda ku uwanja wa ndege. Mwandishi wetu ni mwenye alimusaidia mama kusoma bileti kabla ya safari, na saa zote alikuwa ameziandika mu kaye ya ushirika. Alifungua kaye. Ndege imeondoka saa mbili kwa saa yetu. Saa saba angani. Itafika saa tisa kwa saa yetu. Aliangalia telefone yake: saa saba na dakika ishirini.

Alifunga duka la unga, akaenda na binti. Alipofika alimuambia baba maneno matatu tu: "Bado iko hewani."

Wakati ule ndege ilikuwa imebakiza karibu saa mbili. Kama tunapima kwa uzi wetu, mama alikuwa juu ya Myanmar, anakula ao analala, na telefone yake imefungwa kama ya abiria wote. Hakuna polisi wa China mwenye anaweza kumukamata mutu mwenye hajashuka. Na yule mwanaume alisema ni saa ine sasa amekaa chini. Saa ine nyuma, kwa saa yetu, ilikuwa saa tatu ya asubuhi: ndege ilikuwa imetoka Dubai saa moja tu.

Baba hakuamini mara moja. Ni mutu wa kufikiri, na shemeji alikuwa anasema kwa nguvu kwamba ba mama wa ushirika wanajua nini juu ya ndege. Mwandishi wetu aliomba telefone, akapiga ile namba, akauliza kwa upole: "Papa, ndege yake imeshuka saa ngapi, saa ya huko?" Yule mwanaume akasema saa saba ya muchana. "Na sasa huko ni saa ngapi?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba polisi wanamuita. Namba haikuingia tena, mpaka leo. Kama angekuwa Guangzhou kweli, angejua kwamba huko ilikuwa saa moja na nusu ya jioni, na jua limeshaenda.

Dola 300 zilienda ku kituo cha afya na zingine zikarudi mu sanduku. Mutoto alilala hapo usiku mbili. Mama alishuka saa tisa na dakika kumi kwa saa yetu, akapanga mustari murefu wa pasipoti, wakamupiga alama za vidole, akangojea valizi, akatafuta taksi, na mesaji yake ikafika kwa bwana saa kumi na mbili ya jioni. Huko ilikuwa saa sita ya usiku. Alikuwa ameamuka Dubai saa kumi na moja ya asubuhi.

Namna gani yule mwanaume alijua majina? Musichana wa jamaa alikuwa ameweka picha mu telefone yake, mama na valizi, na kuandika: Safari njema mama, Guangzhou leo! Watoto wote wanafanya hivyo. Sisi tunasema tu: picha ya safari iwekwe siku mama amerudi.

Kuna jambo la pili, na hili linavunja amani ya nyumba zaidi kuliko wezi. Ni simu za jioni.

Wakati mama iko Dubai, bwana akitoka kazi, akinawa, akikula bukari yake, anaandika saa moja ya jioni. Dubai ni saa tatu ya usiku. Mama amerudi chumbani, anajibu, anaongea na watoto. Siku tatu hivyo, kila mutu anazoea. Kisha mama anapita Guangzhou, na bwana anaandika saa ile ile, saa moja ya jioni. Guangzhou ni saa saba ya usiku! Mama amelala kama jiwe, kwa sababu saa mbili ya asubuhi anapaswa kuwa mu soko za Xiaobei ao Sanyuanli. Hajibu. Siku ya pili hajibu. Bwana anaanza kuuliza kwa nini Dubai alijibu na China hajibu. Rafiki zake wanamusaidia kufikiri vibaya, kazi hiyo rafiki hawaichokee.

Na mutandao wa huko unaongeza shida. WhatsApp haifanye kazi mu China kwa mutandao wa kawaida wa nchi, wameifunga. Watu wa huko wanatumia WeChat. Dubai nayo iko na tabia yake: mesaji za WhatsApp zinapita, lakini kuita kwa sauti ku WhatsApp kumefungwa. Kwa hiyo mama wa kwanza kusafiri anavuka mipaka mbili za mutandao katika safari moja, na nyumbani wanaona tu kwamba amebadilika. Tuliamua kwamba kila mwenye anaenda afungue WeChat hapa hapa Lubumbashi, kabla ya kuondoka, yeye na mutu mumoja wa nyumbani, na wajaribu kuongea nayo wakiwa bado mu parsele moja. Kuifungua ukiwa kule inachukua siku.

Saa nzuri za kuongea na mama mwenye iko Guangzhou ni mbili. Asubuhi, saa kumi na mbili yetu, watoto wakiamuka kwa masomo: huko ni saa sita ya muchana, anakula. Ao muchana, saa nane yetu, watoto wametoka masomo: huko ni saa mbili ya usiku, amerudi chumbani. Jioni yetu muiache. Ni usiku wake.

Tulibishana sana kati yetu juu ya pesa ya siku za njiani. Katika likelemba yetu, mwenye anatumwa kununua kwa wengine anapewa pesa ya kula kwa siku. Wengine walisema siku ya ndege isihesabiwe, kwa sababu mu ndege wanakupa chakula na unakaa. Tunaheshimu mawazo yao, lakini hatukubali. Mama mwenye anaondoka Dubai saa ine ya asubuhi, anafika saa tatu ya usiku, na siku imekwisha bila kugusa hata kiatu kimoja. Anakaa saa saba na magoti yamekunjwa, amelipa chumba fasi mbili kwa siku moja, na kesho yake mwili wake unasema ni saa ine ya usiku wakati saa ya ukuta inasema ni saa nane. Ba mama wa umri wetu, wenye miguu yao inavimba hata mu bisi ya Kasumbalesa, wanajua. Tulipiga kura: siku ya ndege ni siku ya kazi. Watano walikataa, kumi na saba wakakubali.

Hao watano walikuwa na neno moja lenye lina nguvu, na tunaliandika hapa ili wasiseme tumelificha. Walisema: kwa nini basi kuendelea mpaka Guangzhou? Mu Dubai kuna Dragon Mart, soko refu sana yenye ilifunguliwa mwaka wa 2004, na bidhaa zake karibu zote zinatoka China. Mutu abaki Dubai, anunue pale, aepuke kilomita 5,800, viza ya pili, na usiku mbaya. Ni kweli. Kwa mama mwenye iko na dola elfu mbili ao tatu, tunamuambia abaki Dubai. Bei ya kipande kimoja itakuwa juu kidogo, lakini bileti ya Guangzhou na hoteli zitakula faida yote kabla ya kurudi. Guangzhou ni ya wale wenye wanajiunga watu wengi kujaza kontena, wenye wanataka kuzungumuza na mwenye kiwanda, kuchagua rangi, kuweka jina lao juu ya mufuko. Na kontena yenyewe haipite Dubai na wewe. Inapanda meli, inakwenda mpaka Dar es Salaam, inapanda lori, inapita Zambia, inatokea Kasumbalesa. Mama anaruka siku moja, bidhaa zinamufuata kwa majuma na majuma.

Na mwenye ameamua kwenda, achague mwezi. Mwaka mupya wa wachina unaangukia mwezi wa kwanza ao wa pili, na wakati huo viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi vijijini kwao. Kuruka saa saba ili kukuta milango imefungwa ni huzuni. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yanafanyika mara mbili kwa mwaka, mwezi wa ine na mwezi wa kumi, tangu mwaka wa 1957. Bidhaa ni mingi wakati huo, lakini vyumba vya hoteli vinapanda bei.

Mwenzetu wa Katuba anaondoka tena mwezi ujao. Mara hii ni mutoto wake wa tatu, wa miaka kumi na moja, ndiye amechora karatasi ya ukutani: mustari tatu, Lubumbashi, Dubai, Guangzhou, na saa chini ya kila muji, na rangi nyekundu kwa saa zenye telefone ya mama itakuwa imefungwa. Amepiga hata hesabu ya kurudi. Mama atatoka Guangzhou saa sita na robo ya usiku, ataruka saa nane na nusu, na atashuka Dubai saa kumi na dakika 45, usiku ule ule bado haujaisha. Alituuliza kama hatukumudanganya. Tulirudia hesabu naye mara mbili, na inaingia.

Tumechapisha karatasi kama hiyo, tupu, ya kujaza. Iko kwa mwandishi, bila malipo kwa wanachama, franka 500 kwa wengine, juu ya wino. Mwenye iko na bileti aje nayo mukutano wa Posho, saa nane ya muchana, tutaisoma pamoja mbele hajalipa. Na bwana anaweza kuja naye, viti viko.